Cha Juu cha Kasino: Soma Bei ya Meza ya Blakijeki Kabla Hujakaa

Mtu akiinuka kwenye meza ya blakijeki mifuko mitupu, humlaumu mgawaji, au humlaumu jirani aliyeomba karata ambayo "ingekuwa yake", au husema tu kwamba leo hakuwa na bahati. Ni nadra kumsikia akiyalaumu yale maandishi madogo yaliyochapwa juu ya kitambaa cha meza, yanayosema blakijeki inalipwa kiasi gani na mgawaji husimama kwenye ngapi. Sehemu kubwa ya pesa yake imepitia hapo. Kasino haina haja ya kuiba, wala haihitaji mgawaji mwenye vidole vyepesi. Kanuni za mchezo zimeshaiwekea cha juu chake, kama dalali ambaye hajali nyumba imempata nani, maadamu imepangishwa.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji namna ya kukisoma hicho cha juu kabla ya kutoa pesa mfukoni. Hayafundishi kutajirika kwa karata, kwa sababu njia hiyo karibu haipo. Kwa Mwislamu, hukumu ya kamari haibadilishwi na hesabu, na asiyecheza hapotezi chochote kwa kutocheza. Lakini kasino zipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na siku hizi meza iko hadi kwenye simu. Anayekaa bila kujua bei hulipa zaidi ya aliyekaa naye meza moja akiijua.

Mlango pesa inapotokea

Mchezo ni mwepesi kuuelewa. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake. Jeki, malkia na mfalme ni 10 kila mmoja. Ree ni 1 au 11, upendavyo. Unapewa karata mbili, mgawaji anaonyesha moja ya kwake, na unaamua: kuomba karata nyingine au kubaki na ulizonazo. Ukipita 21, umekwisha. Ukikaribia 21 kumshinda mgawaji, unalipwa sawa na dau lako. Mkilingana ni sare na dau linarudi. Ree na karata ya thamani ya 10 katika mbili za kwanza ndiyo blakijeki yenyewe, nayo hulipwa zaidi.

Mgawaji hana uamuzi wowote. Akiwa na 16 au chini yake lazima aongeze, akifika 17 lazima asimame, isipokuwa 17 yenye ree kwenye baadhi ya meza. Ndiyo maana wengi huuliza: ikiwa naye hupita 21 kama sisi, na blakijeki inatulipa sisi zaidi, kasino inapata wapi?

Inapata kwenye foleni. Wewe unacheza kwanza. Mgawaji hupita 21 katika raundi 28 hivi kwa kila 100. Na wewe ukimwiga yeye, uongeze hadi 17 kisha usimame, utapita mara 28 vilevile. Katika raundi kama 8 kwa 100, nyote wawili mngepita. Haki ingesema hizo ni sare. Lakini dau lako limeshaondolewa mezani kabla mgawaji hajagusa karata zake, na halirudi hata akiharibikiwa. Hizo raundi 8 ndizo chanzo cha faida yote ya kasino. Malipo ya ziada ya blakijeki yanakurudishia kidogo, zaidi kidogo ya 2 kwa 100, na kinachobaki ni asilimia 5 na nusu au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo bei anayolipa mtu anayecheza kama mgawaji.

Anayeogopa kupita, akabaki kila anapofikisha 12 au zaidi ili "asijiue mwenyewe", naye hulipa karibu asilimia 4. Woga ni nafuu kidogo kuliko kuiga, lakini bado ni ghali.

Askari wanne na mashine za kujumlishia

Hesabu ya namna ya kuipunguza bei hiyo haikutoka kasino. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini, kwenye kituo cha Aberdeen, Maryland, walichapisha majibu yao katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Ni Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Hawakuwa na kompyuta; walitumia mashine za mezani za kujumlishia, na walipitia kila mkono dhidi ya kila karata ambayo mgawaji anaweza kuonyesha. Miaka michache baadaye Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, aliirudia kazi hiyo kwa kompyuta ya IBM 704 na kuichapisha katika kitabu chake, "Beat the Dealer", mwaka 1962.

Walichokipata ni kwamba kila hali ina jibu lake moja lililo bora, na jibu hilo halitegemei hisia wala raundi iliyopita. Anayelifuata kila mara hushusha cha juu cha kasino hadi karibu nusu ya asilimia moja, meza ikiwa na kanuni nzuri. Majibu hayo yamepangwa kwenye jedwali moja dogo, na kasino nyingi hazikukatazi kuliweka mezani na kulitazama. Kiini chake ni hiki:

Ukiwa na 17 au zaidi bila ree ya 11, baki. Ukiwa na 12 hadi 16 bila ree hiyo, itazame karata ya mgawaji. Akionyesha 2 hadi 6, baki na umwachie yeye hatari. Kwa 5 au 6 hupita kama mara 42 kwa 100. Akionyesha 7 au zaidi, ongeza, hata kama mkono unatetemeka. Mkono wa 12 pekee ndio unaoongezwa pia mbele ya 2 na 3.

Ukiwa na 10 au 11 na mgawaji akiwa na karata ndogo kuliko yako, ongeza dau mara mbili. Hapo ndipo mchezaji anapopata nafuu yake, na wengi huipoteza kwa kuogopa kutoa dau la pili.

Karata pacha za ree na za 8, zitenganishe. Pacha za 10 na za 5, usizitenganishe kamwe. Na mkono wenye ree inayohesabika 11 ukiwa 17 au chini, usibaki nao: karata moja haiwezi kukupitisha.

Jedwali halikuokoi kila mara. Mara nyingi linakupunguzia tu hasara. Chukua mkono unaochukiwa kuliko yote: una 16, yaani 10 na 6, na mgawaji ameonyesha mfalme. Katika aina 13 za karata, 8 zitakupitisha: kuanzia 6 hadi mfalme. Ukibaki, utashinda pale tu mgawaji atakapopita, na mbele ya 10 hupita mara moja kwa tano hivi. Kwa dau la shilingi 100,000, kila njia inakugharimu wastani wa 54,000, na tofauti kati ya njia hizo mbili haifiki elfu moja. Kwa hiyo anayegombana na jirani kuhusu 16 anagombania senti. Lakini kama meza inaruhusu kusalimu, yaani kurudisha karata na kuacha nusu ya dau, utapoteza 50,000 badala ya 54,000. Elfu nne umeziokoa kwa kujua kanuni moja.

Bei imeandikwa kwenye kitambaa

Meza mbili zilizopakana zinaweza kuwa na bei tofauti mara tatu au nne, na zote zinaitwa blakijeki. Kitu cha kwanza kutazama ni malipo ya blakijeki yenyewe. Malipo ya zamani ni 3 kwa 2: dau la 10,000 linaleta 15,000. Kasino nyingi, hasa Las Vegas, zimeanza kulipa 6 kwa 5: dau lilelile linaleta 12,000. Wateja wengi hawaoni tofauti, na wengine hudhani 6 kwa 5 ni zaidi kwa kuwa namba zake ni kubwa.

Fanya hesabu mwenyewe. Blakijeki huja mara moja katika raundi 21 hivi. Kila ikija, meza ya 6 kwa 5 inakunyima 3,000. Meza yenye wachezaji wa kutosha hucheza kama raundi 70 kwa saa, kwa hiyo utapata blakijeki tatu au nne, na utakuwa umenyimwa 10,000 hivi. Ni kama kulipa kiingilio cha dau zima kila saa. Kwa asilimia ni karibu 1.4, na hiyo inageuza meza ya nusu asilimia kuwa meza ya asilimia 2 hivi. Hakuna ustadi unaoweza kuirudisha tofauti hiyo.

La pili ni 17 yenye ree. Mgawaji akiwa na ree na 6, anasimama au anaongeza? Akiongeza, kasino inapata 0.2 ya asilimia zaidi. Inaonekana ajabu, kwa sababu anaweza kuharibu mkono uliokwisha kamilika, lakini 17 ni mkono dhaifu na mara nyingi zaidi anautengeneza.

La tatu ni karata ya pili ya mgawaji. Marekani huichukua mapema na kuifunika, na akionyesha ree au 10 huichungulia kwanza. Ulaya na sehemu nyingi nyingine hachukui ya pili mpaka wachezaji wamalize. Ukiwa umeongeza dau au umetenganisha pacha, kisha mgawaji akapata blakijeki, huchukua yote. Kwenye meza ya namna hii, usiongeze dau wala usitenganishe pacha za 8 mbele ya 10 au ree. Ukizingatia hilo, kanuni hii inakugharimu kama 0.1 tu ya asilimia.

Idadi ya pakiti za karata nayo ina bei: pakiti moja ni nafuu kuliko sita au nane kwa karibu nusu asilimia. Lakini tahadhari, kwa sababu meza ya pakiti moja ndiyo hupenda kulipa 6 kwa 5. Wanakupa kwa mkono wa kulia nusu asilimia na kuchukua kwa wa kushoto moja na nusu. Na ukikuta mchezo ambao sare anachukua mgawaji, ondoka. Sare ni karibu raundi 9 kwa 100.

Bima isiyokukinga

Mgawaji akionyesha ree, huuliza kama kuna anayetaka bima. Unaweka hadi nusu ya dau lako pembeni, na kama karata yake ya pili ni ya 10, bima inalipwa 2 kwa 1. Jina linavutia, na hasa aliye na mkono mzuri huona ni busara kuulinda. Ukweli ni kinyume kabisa.

Tuseme karata ni pakiti moja, una mfalme na malkia, na mgawaji ana ree. Karata ambazo hujaziona ni 49. Za thamani ya 10 zilikuwa 16, mbili unazo wewe, zimebaki 14. Nyingine ni 35. Ukiweka bima ya 10,000 kwa kila moja ya karata hizo 49, utashinda 20,000 mara 14, yaani 280,000, na utapoteza 10,000 mara 35, yaani 350,000. Umetoa 490,000 na umepungukiwa 70,000: zaidi ya asilimia 14. Mkono wako ni mzuri kwa sababu una karata za 10, na hizohizo ndizo bima inazozihitaji. Ungekuwa na 9 na 7, mkono mbovu, hasara ya bima ingekuwa asilimia 2 tu. Kwenye meza ya pakiti sita, wastani wake ni asilimia 7 na nusu hivi.

Kuna sura nyingine ya bima hiyohiyo. Una blakijeki, mgawaji ana ree, naye anakwambia: nikulipe moja kwa moja sasa hivi, au tusubiri? Ukikubali, unapata 10,000 ya uhakika. Ukikataa, kwenye pakiti moja zimebaki karata 34 kati ya 49 ambazo hazimpi blakijeki, na kila moja inakulipa 15,000. Wastani wake ni 10,400 na kidogo. Kwa hiyo uhakika huo umeununua kwa 400 kwa kila elfu kumi. Kataa, hata kama jirani zako watakushangaa.

Yale madau ya pembeni, la karata zako kuwa pacha, au la karata zako mbili na ya mgawaji kutengeneza mfuatano, nayo yana cha juu mara kadhaa kuliko mchezo wenyewe. Yamewekwa pale kwa sababu mchezo wenyewe, ukichezwa vizuri, hauilipi kasino vya kutosha.

Asilimia ya nini?

Hapa ndipo hata wajuzi huteleza. Mtu ana 200,000 mfukoni, anasikia cha juu ni asilimia 2, anapiga hesabu kwamba jioni yake itamgharimu 4,000. Lakini asilimia haihesabiwi kwenye pesa uliyokuja nayo. Inahesabiwa kwenye kila dau unaloliweka, na pesa ileile huwekwa tena na tena.

Dau la 10,000 kwa raundi 70 ni 700,000 kwa saa. Kwa saa nne umezungusha milioni 2 na laki 8, ingawa ulikuja na laki mbili tu. Nusu asilimia ya hizo ni 14,000. Asilimia 2 ni 56,000. Asilimia 5 na nusu ni 154,000, zaidi ya robo tatu ya pesa uliyokuja nayo. Kanuni ya kukariri ni moja: zidisha dau kwa raundi za saa, zidisha kwa saa utakazokaa, kisha chukua asilimia ya meza. Hicho ndicho kiingilio chako cha kweli.

Kwa hesabu hiyo, mwendo wa meza ni sehemu ya bei. Ukikaa peke yako na mgawaji mwepesi, raundi zinaweza kufika 200 kwa saa, na gharama inakaribia kuwa mara tatu. Kwenye simu, ambako hakuna wa kusubiriwa, inapanda zaidi. Anayetaka pesa yake idumu akae kwenye meza iliyojaa, azungumze, anywe soda yake polepole. Hata ruleti yenye sifuri moja, ambayo cha juu chake ni asilimia 2.7, huzunguka mara 40 hivi kwa saa na kukugharimu 10,800 kwa dau la 10,000. Blakijeki ya kubahatisha, kwa asilimia 2 na raundi 70, inagharimu 14,000. Mchezo unaosifiwa kuwa nafuu kuliko yote kasino ni nafuu kwa aliyejifunza tu.

Kwa nini hukioni cha juu usiku mmoja

Msomaji atasema: mbona juzi fulani alitoka na laki? Ni kweli, na hesabu haipingani naye. Katika raundi 70, bahati peke yake inaweza kukupandisha au kukushusha kwa madau 10 bila ajabu yoyote, yaani 100,000. Kiingilio cha 3,500 au 14,000 kimemezwa humo, hakionekani. Lakini bahati hukua polepole kuliko cha juu. Baada ya raundi 10,000, yumbayumba ya kawaida ni madau 115, wakati cha juu cha asilimia 2 kimeshafika madau 200. Hapo wachache sana watakuwa na faida. Kasino inacheza raundi hizo kila siku. Wewe unazicheza kwa miaka.

Hiyo ndiyo sababu mbinu za kupanga madau hazisaidii. Inayopendwa zaidi ni kuongeza dau mara mbili kila unaposhindwa, ili ushindi mmoja urudishe yote. Anza na 10,000, ushindwe mara saba mfululizo, na umeshatoa 1,270,000. La nane linataka 1,280,000, na pengine meza hairuhusu. Kushindwa mara saba mfululizo, ukiacha sare, hutokea karibu mara moja katika majaribio 85. Mbinu hiyo inakupa ushindi mdogo mdogo mwingi na kukuletea anguko moja linaloukomba wote. Asilimia haikuguswa.

Kuhesabu karata zilizokwisha kutoka, alikokuonyesha Thorp katika kitabu chake, ni kitu kingine. Kunafanya kazi kwa sababu karata zilizotoka hubadilisha zilizobaki. Lakini faida yake, hata kwa bingwa, ni karibu asilimia 1, inahitaji mtaji mkubwa na miezi ya mazoezi, na mashine zinazochanga karata bila kukoma huiua kabisa. Kwenye michezo ya kompyuta ambako karata huchangwa upya kila raundi, hakuna cha kuhesabu. Kasino nyingi zitakuomba uondoke zikikushtukia. New Jersey ni kati ya pachache ambako mahakama ya juu, mwaka 1982, ilizikataza kumfukuza mtu kwa sababu hiyo peke yake.

Kabla hujakaa

Simama nyuma ya meza dakika chache na usome kitambaa. Blakijeki inalipa 3 kwa 2? Mgawaji husimama kwenye kila 17? Unaweza kuongeza dau baada ya kutenganisha pacha? Unaweza kusalimu? Majibu manne ya ndiyo yana maana bei ni nafuu. Likikosekana lile la kwanza, usikae, hata kama dau la chini ni dogo. Ukicheza kwenye simu, tafuta kwanza ukurasa wa kanuni na leseni ya mamlaka ya nchi yako. Kwa Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Uliza pia kodi: ushindi unaokatwa kodi unaongeza cha juu ambacho hakuna jedwali litakalokipunguza.

Kisha piga hesabu ya kiingilio, na uiongezee pesa ambayo uko tayari kuiona ikiondoka usiku huo kwa bahati mbaya. Kama jumla hiyo inagusa ada ya mtoto, kodi ya nyumba au mtaji wa duka, jibu umeshalipata. Usicheze kwa mkopo, na usibaki ili kurudisha kilichokwenda: raundi unazoongeza kwa ajili hiyo zinatozwa bei ileile. Ukijikuta unaficha kiasi ulichopoteza, au unakopa ili urudi, hesabu haitakusaidia tena. Mwambie mtu wa karibu, na uombe kasino au kampuni ikufungie akaunti.

Na kama baada ya hesabu yote unaona elfu kumi na nne kwa jioni nzima ni bei halali ya kustarehe, lipa na ucheze. Ukiona ni ghali, iache pesa ibaki mfukoni; hiyo ndiyo raundi pekee mezani ambayo kasino haikati kitu.